Machozi ya Kuazima

Kirumba yote, ukitaka kujua nani kaachwa, nani kahama bila kuaga na nani anatazamwa vibaya na mawifi zake, ulikuwa unakwenda kwa Sihaba. Nyumba yake haikosi watu. Hata mumewe Mbaruku, fundi redio asiye na maneno mengi, akirudi kazini huomba njia apite sebuleni kwake mwenyewe. Na mtu akija analia, Sihaba alikuwa na dawa yake: chai ya tangawizi, mkono begani, "nyamaza mama, nyamaza, yatapita," kisha kituko kimoja cha kumchekesha. Mtu huyo anaondoka anacheka. Baada ya siku mbili tatu karudi, analia kilekile.

Huko kurudi ndiko kulikompeleka Sihaba kwenye mafunzo ya tiba ya mazungumzo, kwenye ghorofa moja katikati ya Nyamagana. Alitaka watu wake wapone kabisa. Mtaa ulishaanza kumwita daktari wa mioyo, na hata chumba cha kufanyia kazi alishakichagua.

Mkufunzi wao, Madamu Wilhelmina, alikuwa na sharti moja. Kabla hujakabidhiwa mteja wa kweli, sharti ukae wewe kwenye kiti cha mteja mbele ya mwanafunzi mwenzio, na jambo lako mwenyewe, muhula mzima. Na machozi ya mteja, aliwaambia, msiyazime. Anayenyamazishwa huwa ametulizwa tu. Ndani hakijasogea kitu.

Sihaba akapangwa na Masalu, kijana mpole wa Kisesa aliyewahi kuwa mwalimu wa shule ya msingi. Siku ya kwanza Masalu alimuuliza amekuja na nini. Sihaba akachungulia ndani mwake, akaona alichokiona, akageuza macho upesi. Mdomo ukadaka kilichokuwa karibu: habari ya Suzana, mpangaji wake wa chumba cha uani, ambaye mumewe Jonathan alikwenda Nansio kununua samaki akaoa hukohuko. Sihaba akaisimulia kama yake. Nansio akaigeuza Geita, na maskini Mbaruku, mtu ambaye hata kivuko cha Kamanga hajavuka, akapewa mke wa pili machimboni.

Alidhani ni ya siku hiyo tu. Kumbe jambo likishaletwa halibadilishwi, linafuatwa mpaka mwisho, tena linarekodiwa, na Masalu anapimwa kwa hilohilo. Sihaba akisema kadanganya, muhula wake umeharibika, na huenda akaondoka na wa kijana wa watu. Halafu siri ya mpangaji kaitoa nje bila ruhusa, kosa ambalo Madamu alishasema halina msamaha mwepesi. Asiposema, kila wiki inabidi alete kipande kipya. Alikwama kama nguo kwenye mlango wa daladala: huku haitoki, huku haiingii.

Ikabidi avichume vipande. Kila jioni akawa anakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, uani, Suzana akichambua dagaa. Zamani angemnyamazisha. Sasa alitaka habari, kwa hiyo alifunga mdomo, akabaki na "ikawaje?" na "hapo ulijisikiaje?" Suzana akilia, anaachwa alie, maana Sihaba anangoja mwisho wa habari. Siku moja Suzana akalia mpaka akafika pahali asipowahi kufika. Baba yake naye aliondoka hivyohivyo, na tangu utotoni alijihesabu kuwa mtu wa kuachwa. Alipolisema hilo kwa sauti, akashika kiuno, akawatukana wote wawili, baba na mume, matusi ya kushiba. Kisha akatulia kama mtu aliyetua mzigo kichwani.

Wiki ile alipanda meli kwenda Nansio, akamwambia Jonathan aje achukue nguo zake, akarudi na hamu ya kula. Hakulia tena.

"Dada Sihaba, ulinifanya nini?" aliuliza.

Sihaba alitamani kuipigia kelele habari hiyo Kirumba nzima. Kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na hakuna wa kumwambia. Na habari aliyokuwa akiitegemea darasani, mwenye nayo kaimaliza.

Siku ya kipimo cha mwisho mlango ulifungwa. Kamera ikawaka, Madamu akakaa pembeni kimya. Dirishani yalionekana mawe ya mlimani tu, yamebebana. Sihaba akaeleza jinsi alivyokwenda Geita, alivyomkabili Mbaruku, alivyorudi mwepesi. Masalu akasikiliza mpaka mwisho.

"Dada, habari hii unaisimulia vizuri mno."

"Si ndiyo kipaji changu, mdogo wangu."

Masalu hakucheka. "Ukifika pa kulia, unaniangalia mimi kama nimeguswa."

Sihaba akatupa kituko. Hakikudakwa. Akatupa kingine. Nyumbani saa hizi mtu angeshabisha hodi, akaokoka. Hapa hakuna aliyebisha.

"Ukibaki peke yako nyumbani, huwa inakuwaje?" Masalu akauliza taratibu.

"Huwa sibaki."

"Tangu lini?"

Akataka kusema tangu aolewe. Badala yake ulimi ukasema, "Tangu tumzike Nusrat."

Nusrat, mdogo wake, alifia kwenye uzazi. Msibani Sihaba ndiye aliyegawa chai na kuwachekesha waliozidiwa na kilio, watu wakamsifu kwamba ni chuma. Hakukaa chini hata kidogo.

Basi, yameisha, aliwaza. Madamu atamuuliza ya Geita, na muhula atarudia. Lakini hilo sasa lilikuwa mbali. Mkono wake ulipanda wenyewe ukamshika begani.

"Nyamaza," akajiambia, kwa sauti kabisa.

Ndipo mlango ukabishwa hodi kweli, na wanafunzi wa zamu inayofuata. Sihaba akainuka nusu, shukrani zote usoni. Madamu akamtangulia, akaufungua kidogo, akawaambia wangoje, akaufunga tena na kurudi kitini.

Sihaba akatazama kitasa. Akakaa.

"Chai alikuwa haiwezi ya moto," alisema. "Mpaka nimpozee mimi."

Na hapo akalia, na hakuna aliyemzuia.