Mkalimani wa Mwalimu Sunok

Mwalimu Sunok alifika kwa Mzee Nahashon siku ya Jumanne, saa nane mchana, akiwa na daftari jembamba mkononi na viatu vyake ameshavivua mlangoni. Miaka ishirini na saba ya kuishi Kaloleni haikuwa imemtoa tabia hiyo. Watoto wa mtaa walipoona raba ndogo nyeusi nje ya mlango wa mtu walijua Mkorea yumo ndani, ama anamwombea mgonjwa, ama anambana mzazi ambaye binti yake hajaonekana shuleni tangu Jumatatu.

Alikuwa anarudi kwao. Kanisa lililomtuma lilikuwa limemwandikia kwamba miaka sabini na miwili na figo moja inayosuasua si mambo ya kuchezewa, naye baada ya kubishana nalo miezi minne akasalimu amri. Ndege ilikuwa ya Ijumaa.

Sasa, katika ushirika wa kanisa lile kuna desturi. Mtu anayekwenda safari ndefu haondoki akiwa na neno na mwenzake. Hupita mlango kwa mlango, akamtazama usoni aliyemkosea, akalitaja kosa kwa jina lake na kuomba msamaha. Wao huita kujiweka nuruni. Tuwe wakweli, wengi hujiweka nuruni nusu mwili tu: huungama hasira na uchelewaji, na yale makubwa huachwa yalale. Mwalimu Sunok hakuwa mtu wa nusu nusu. Aliandika majina arobaini na moja, na kufikia Jumanne hiyo alikuwa amekwenda kwa watu arobaini.

"Limebaki moja, Mzee," alisema alipokwisha kuketi. "Kwa hili siwezi kwenda peke yangu. Ni Mwelu."

Mzee Nahashon alikuwa anachovya mkate kwenye chai. Mkate ukalowa, ukakatika, ukazama.

"Mwelu yupi?" aliuliza, ingawa duniani kulikuwa na Mwelu mmoja tu aliyemfanya abadilishe njia ya kwenda sokoni.

"Binti wa Wavinya. Wewe ulikuwepo. Siku ile ulikuwa mdomo wangu. Nataka uwepo tena, anione nimesema mbele ya shahidi."

Nahashon alisema sawa. Angesema nini? Aliingia chumbani kuchukua koti, akakaa kitandani kidogo huku mkono mmoja umeingia kwenye koti na mwingine haujaingia.

Yaliyotokea mwaka wa tisini na tisa yalikuwa hivi. Mwalimu Sunok alikuwa na mwaka mmoja tu nchini, na Kiswahili chake kilikuwa cha kusalimia na kununua nyanya. Shule aliyoianzisha ilikuwa na madarasa manane ya mabati nyuma ya kanisa. Nahashon, karani wa reli wakati huo na mzee wa kanisa, ndiye aliyekuwa akimkalimania, Jumapili mimbarani na siku nyingine ofisini kila walipoitwa wazazi. Sylvance, mdogo wake Nahashon, alifundisha hesabu. Baba yao alikufa Sylvance akiwa bado ananyonya, na ni Nahashon aliyemlea, akamsomesha hadi chuo cha ualimu, akamtafutia kazi hiyo.

Ndipo Mwelu wa darasa la nane, miaka kumi na mitano, akaonekana ana mimba. Aliletwa ofisini. Mwalimu Sunok akauliza kwa Kiingereza ni nani, Nahashon akaligeuza swali, na msichana, macho yakiwa sakafuni, akajibu kwa Kiswahili kilichonyooka: "Ni Mwalimu Sylvance. Aliniambia nibaki nyuma anisahihishie daftari."

Nahashon alisimama pale. Alimwona mdogo wake kizimbani, akamwona mama yao huko nyumbani Vihiga akiletewa habari. Kisha akamgeukia Mwalimu Sunok na kusema kwa Kiingereza chake safi cha ofisi ya reli: "Anasema hajui."

Maneno machache tu. Mwelu alifukuzwa siku hiyo hiyo, na katika barua yake ya kuondoka Mwalimu Sunok akaandika kwamba ni msichana mwenye akili lakini hasemi ukweli. Shule tatu ziliisoma barua hiyo na hakuna iliyompokea. Sylvance alihamishwa muhula uliofuata, kwa hila za kaka yake, akaenda kufundisha magharibi, akapanda hadi ualimu mkuu, na miaka miwili iliyopita akafa kwa kisukari. Alizikwa kwa kwaya mbili. Mwalimu Sunok mwenyewe alisafiri hadi mazishini akamsifu, na aliporudi akaipa maktaba ya shule jina lake.

Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini. Nahashon alikuwa amepewa miaka ishirini na sita, akaanza kuamini wahenga walikosea hesabu.

Waliondoka kwa miguu. Walivuka Jogoo Road na kuelekea Majengo, Mwalimu Sunok akitangulia kwa hatua zake fupi za haraka. Njiani alisalimiwa kila baada ya maduka mawili. "Niaje, mwalimu!" walimwita vijana wa mitumba, naye akawajibu "Sijambo, wanangu," kama alivyowajibu siku zote. Alijifunza Kiswahili kutoka kwenye vitabu na Sheng, lugha ya vijana wa mtaani, iligoma kabisa kumwingia. Mama yake alikufa huko kwao mitihani ya darasa la nane ikiwa imebaki wiki moja, naye hakwenda kumzika. Hadi leo, kila ilipofika wiki hiyo ya mwaka, alifunga mchana, na jioni akala bila kuongea.

"Nilimuuliza mara moja tu," alisema sasa, bila kugeuka. "Mzee, hilo ndilo linaloniuma. Mtoto yule alikuwa anatetemeka. Mwalimu mzuri angeuliza mara ya pili, siku nyingine, mahali pengine. Mimi nilitaka kuonyesha kwamba shule yangu ina nidhamu. Nikamwita mwongo kwa maandishi."

"Ulikuwa mgeni," Nahashon alisema.

"Hiyo si toba, hiyo ni kujitetea. Dhambi ni yangu peke yangu. Wewe ulitafsiri tu."

Hapo ndipo angeweza kusema. Njia ilikuwa nyeupe, hakuna mtu aliyekuwa anawasikiliza. Nahashon alifungua mdomo, kisha akaufunga, akajionea aibu na bado hakusema. Alijiambia kwamba Sylvance amekwisha kufa, kwamba mwalimu anaondoka Ijumaa, kwamba atakayefukua kaburi hatafukua ila uvundo. Mtu akitaka kuficha jambo hakosi methali za kulifunikia.

Mwelu alikuwa na chumba cha mbele kwenye nyumba ya udongo na mabati, na ndani yake mashine mbili za kufumia sweta za shule. Rangi za shule kumi na moja zilikuwa zimening'inia ukutani, hata ile ya kijani ya shule ya Mwalimu Sunok. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, mnene kiasi, na futi ya kupimia shingoni. Alipowaona alisimamisha mashine.

"Karibuni," alisema. "Mwalimu. Mzee."

Mwalimu Sunok hakuketi. Alilegeza magoti, akaweka viganja viwili sakafuni, akainama hadi kipaji cha uso kikagusa simenti, vile watu wa kwao wanavyowainamia wazazi wao. Mwelu akaruka kutoka kitini.

"Mwalimu, tafadhali! Usinifanyie hivyo. Wewe ni mama."

"Niache niseme," Mwalimu Sunok alisema, akiwa amepiga magoti bado. "Mwelu, nilikukosea. Ulikuwa mtoto, nami nilikuwa mwalimu wako. Nilikuuliza mara moja, ukasema hujui, nikakuhukumu. Nikaandika kwamba husemi ukweli. Barua ile ilikufungia milango. Sikurudi kukutafuta, kwa kiburi. Naomba unisamehe."

Mwelu hakumtazama. Macho yake yalikwenda kwa Nahashon aliyesimama karibu na mlango na kofia mkononi, yakakaa hapo. Hakuonyesha hasira. Alimtazama kama mtu aliyeuliza swali na ana nafasi ya kungoja jibu. Nahashon alihesabu sweta. Alifika tano, akazisahau, akaanza upya.

Mwelu aligeuka hatimaye. Alimshika mwalimu mabega akamwinua na kumkalisha kwenye stuli.

"Nimekusamehe, Mwalimu," alisema. "Na si leo tu. Uende salama."

Mwalimu Sunok akalia. Alikuwa mtu mkavu wa machozi, na alilia kwa shida, akijifuta kwa mkono wa sweta. Kisha akatoa kalamu na kufungua daftari lake mahali palipobaki jina moja ambalo halijakatwa.

Yote yalikuwa yamekwisha. Hakuna aliyemshtaki Nahashon, hakuna aliyemuuliza. Angengoja tu kalamu ipite juu ya karatasi, anywe chai, aende zake, na mwanamke huyu mzee angepanda ndege akiwa amebeba dhambi ya mtu mwingine mpaka kaburini. Hicho ndicho kilichomshinda. Ushetani wa siku ile alikuwa ameuzoea, lakini huu ulikuwa mpya, na angeutenda leo kwa akili timamu na mvi kichwani.

"Usilikate," alisema.

Walimtazama wote wawili.

"Hakusema hajui." Alisogea hatua moja kutoka mlangoni. "Mwalimu, siku ile Mwelu alijibu. Alitaja mtu. Mimi ndiye niliyesema hajui. Nilikudanganya."

Mwalimu Sunok alibaki na kalamu hewani. "Alimtaja nani?"

Nahashon alimgeukia Mwelu, maana hakujua kama bado ana ruhusa ya kulitamka.

"Sema," Mwelu alisema. "Si wewe ndiye mkalimani?"

"Sylvance," alisema Nahashon. "Ndugu yangu."

Mwalimu Sunok alifunga daftari polepole. Uso wake, ambao watoto wa Kaloleni walisema hauna hasira, ulikuwa na hasira sasa, na ilikuwa nyingi.

"Nilimsifu," alisema. "Nilisimama juu ya kaburi lake, na wewe ukanikalimania kwa lugha ya kwenu. Umekula mezani pangu miaka yote hii. Wasichana wangu walipita chini ya jina lake kwenda kusoma."

"Ndiyo."

"Na huyu nilimwita mwongo!"

"Ndiyo, Mwalimu." Alimgeukia Mwelu. "Mama, nilidhani ni mimi peke yangu ninayejua. Kama ungejua nilichosema siku ile..."

"Kwani mlifikiria sijui Kizungu?" Mwelu aliuliza.

Nahashon akainua uso.

"Mzee, mimi nilikuwa namba moja kwa Kizungu, darasa nzima. Mwalimu hapa ndiye alinifunza. Nilisema jina, halafu nikakusikia ukisema *hajui*. Nilisikia kila neno." Alikuwa anaongea taratibu, akikunja futi yake na kuikunjua. "Ningemwambia Mwalimu mwenyewe, na hicho Kizungu. Lakini mtoto angewezaje kumwambia mzee wa kanisa kuwa ni mwongo, na amesimama hapo? Nikafikiria umekosea, utarekebisha. Nikangoja. Mlinipatia barua, bado nikangoja. Nilikaa kwa gate mpaka kengele ya jioni, nikijua utatoka uniite."

Hilo Nahashon alilikumbuka. Alikuwa ametokea mlango wa nyuma wa kanisa jioni ile, kwa sababu alimwona pale langoni. Sasa alilia, mtu mzima wa miaka sabini, bila kujificha, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

"Nisamehe," alisema.

Mwelu alifikiri. Hakuwa na haraka. Haraka ilikwisha mwaka ule.

"Mwalimu nimemsamehe kwa sababu hakujua, na anaenda," alisema. "Wewe huendi Korea, Mzee. Wewe unabaki hapa Eastlands na sisi. Yako haiishi na neno moja."

"Unataka nifanye nini?"

"Nina msichana anaitwa Annah. Ana miaka ishirini na tano. Ashaniuliza babake ni nani tangu akiwa na miaka sita, na mimi namwambia ngoja. Ningemwambia nini? Jina la huyo mtu liko kwa ukuta ya maktaba. Ni neno langu, na mimi niko na barua inasema sisemi ukweli." Alitazama saa ya simu yake. "Anafanya kazi duka la dawa huko Donholm. Saa kumi na moja na nusu atakuwa hapa. Utamwambia wewe, na hiyo mdomo yako."

"Na asiponisamehe?"

"Hiyo ni yake."

Mwalimu Sunok alisogeza stuli yake hadi ukutani. Hakusema kwamba anabaki, ila hakuvaa viatu. Nahashon alivua koti, akalikunja, akaketi kwenye gunia la nyuzi. Alimpigia mkewe Rispa simu kumwambia atachelewa, na alipoulizwa kwa nini, akasema hilo nalo atamweleza leo. Mwelu alirudi kwenye mashine yake na kufuma, kwa sababu shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu na kazi ilikuwa nyingi.

Annah aliingia jua likiwa bado kwenye mabati, begi begani, mrefu, na pengo katikati ya meno ya juu. Pengo hilo Nahashon alikuwa amelijua maisha yake yote kwenye kinywa cha mama yake mzazi. Annah alimsalimu mama yake, akamwamkia mwalimu, kisha akamtazama yule mzee aliyekuwa akijaribu kunyanyuka kutoka kwenye gunia.

"Shikamoo, mzee. Kuna nini?"

Nahashon alisimama wima.

"Annah," alisema, "mimi ni baba yako mkubwa. Keti nikwambie kwa nini hukujua."