Maua ya Londiani

"Toa hiyo jina," alisema. Hata salamu hakunipa.

Nilimjua mara moja. Mama Cherono, jirani yetu wa Londiani, ambaye sikuwa nimemwona tangu Januari ile ya vurugu za baada ya uchaguzi, tulipofukuzwa nikiwa na miaka kumi. Sasa alisimama mbele ya meza yangu kwenye maonyesho ya nguo, Kericho mjini, kidole juu ya kitenge nilichobuni mwenyewe: maua mekundu, majani ya buluu, na kibandiko kilichosema Maua ya Mama, Familia ya Wambugu.

Siku tuliyokimbia nilichomoa kwenye kochi kitambaa kimoja kilichoshonwa maua haya haya, nikakificha ndani ya sweta. Nyumba ilichomwa, mama akafia Nakuru kwenye chumba cha kupanga, na kitambaa kile ndicho pekee kilichobaki kuonyesha kwamba tuliwahi kuwa na kwetu. Huyu siku ile alifunga mlango akatuchungulia dirishani. Leo ndiye wa kunipa amri?

"Shamba lilienda, nyumba ikaenda," nikamwambia. "Sasa unataka na maua ya mama?"

"Ya mama yako?" Akacheka kwa dharau. "Wewe ulikuwa mtoto, hukujua chama yetu ya akina mama. Ikifika zamu yako ya kutembelewa, wenzako ndio wanakushonea vitambaa vya makochi. Hakuna mtu alikuwa anajishonea. Hizo za kwenu nilishona mimi."

Nilitaka kumwita mwongo, lakini alikuwa ameshatoa kitambaa cheupe mkobani.

"Cherono wangu alinionyesha picha za hivi vitenge vyako kwa simu, ndio nikabeba hii. Mama yako alinishonea zamu yangu. Angalia."

Ndege wawili, shingo zimepinda, uzi umevutwa hadi nguo ikajikunja.

"Mkono wake ulikuwa mbaya," akasema, "na nilimwambia."

Ai! Mimi, mbunifu mwenye cheti, nilikuwa nimeuza kazi ya mwanamke huyu miaka sita nikiiita urithi wangu. Aibu ilinishika, na nikazidi kumchukia.

"Niuzie hicho."

"Wewe yangu umeuza. Mimi ya mama yako siuzi."

"Basi nikishike tu, Mama Cherono. Tafadhali."

Akakisukuma kitambaa upande wangu, na muda wote nilipokuwa nikipapasa mafundo ya mama, yeye hakuachilia pembe yake.