Amin kwa Bwawa la Kiwengwa

Kwa miaka sita baba yangu, Salem, aliandika jambo moja tu mtandaoni. Kila Alhamisi baada ya Laasiri aliweka jina la marehemu mmoja wa Bububu, na chini yake: "Msomeeni Fatiha." Waliomfuata walikuwa sitini na kitu, wengi wazee, na kila mmoja alijibu "Amin". Mtandao wenyewe ulikuwa mdogo, wa watu wa kwetu. Mashine inayouendesha imekaa kwenye rafu dukani kwa Khatib, fundi wa kompyuta.

Baba alipofariki nilitaka kitu kimoja. Alhamisi ya kwanza, jina lake liandikwe pale pale, na wale wale wamsomee.

Binamu yangu Muhannad alitaka makubwa zaidi. Kazi yake ni kutangaza hoteli huko Kiwengwa, na hawezi kusikia habari ya watu sitini bila kuwahurumia. Siku ya pili ya msiba aliniita pembeni.

"Kawthar, nipe paswedi ya ami. Nnataka kumuunganisha."

"Na nani?"

"Na dunia. Siku hizi kuna daraja. Unaifunga akaunti ya huku na za kule kama kwa kamba, ukiandika neno pahala pamoja linatokea kote. Ami alikuwa anazungumza ndani ya kabati."

"Alikuwa anazungumza na anaowajua."

"Ndiyo nnavyosema mimi."

Nikampa. Nilikuwa sijalala siku mbili. Udhuru mwingine sina.

Akaifunga akaunti ya baba na mitandao miwili mikubwa, kisha na akaunti yake mwenyewe ya kutangazia hoteli, eti wasisahauane. Kufika Jumatano baba alikuwa na wafuasi elfu nne. Mmoja aliuliza kama Fatiha ni chakula.

Alhamisi, baada ya Laasiri, nilishika simu niandike jina. Baba akanitangulia. Palitokea picha ya bwawa la kuogelea, mwavuli, na gilasi yenye kipande cha ndimu. "Karibuni Kiwengwa wikiendi hii. Maji yanakusubirini." Juu yake jina la baba, na uso wake ndani ya kofia ya kiua.

Kisha Amin zikaanza. "Amin," aliandika Mzee Mkadam, rafiki yake wa utotoni. "Amin, Mola amrehemu." "Amin." Hakuna aliyesoma kilichoandikwa. Saa ile, kwa jina lile, walikuwa hawajawahi kuletewa kitu kingine. Nilihesabu sitini na moja.

Nikampigia jirani yetu. "Shikamoo, Bi Bahiya."

"Marahaba, mwanangu. Nshamsomea."

"Umemsomea nani?"

Nikamsikia anapapasa miwani. "Si baba yako?"

"Ni bwawa la kuogelea, Bi Bahiya."

"Basi bwawa hilo limeombewa kuliko marehemu mume wangu," alisema. "Mtoe huyo mpuuzi aliyelitia humo, halafu uandike jina."

Mpuuzi, Muhannad, aliingia mwenyewe, anatabasamu.

"Umeona? Majibu sitini na moja, dakika kumi. Meneja kafurahi. Anasema tuweke kila Alhamisi saa hizo hizo."

Khatib alinielekeza kwa simu: daraja nalo lina akaunti yake, ukiizuia kamba inakatika. Kisha niitenganishe akaunti ya baba na ile ya Muhannad, nibadilishe paswedi.

"Ukikata, wale elfu nne wanapotea," alisema Muhannad.

"Wapotee."

Nilikata mbele yake. Aliitazama simu yake kama aliyefiwa. Makaburini, wenzake wanasema, uso huo hakuwa nao.

Nikaifuta ile picha, nikaandika: "Salem bin Mudrik, wa Bububu. Msomeeni Fatiha."

Safari hii majibu yalichelewa. Wa kwanza alikuwa Bi Bahiya: "Nimesoma jina kwanza. Amin." Wengine wakafuata, mmoja mmoja, kama watu wanaoingia nyumba walimowahi kuumwa na mbwa.

Mzee Mkadam hakuandika. Alipiga simu.

"Kawthar, hili nalo la hoteli?"

"Hapana, mzee wangu. Hili ni la baba."

Hakukata simu. Nikamsikia anaanza kusoma.