Mwanga Usio wa Nyota

Watahini walikuwa bado wanamimina chai, na mtahiniwa alikuwa amesimama mbele yao na tasnifu yake ya uzamivu. Katika safu ya mwisho alikaa mama yake, amevaa gauni jipya, akitabasamu kila alipotazamwa. Hakuelewa neno la nyota, ila alikuja kumwona mwanawe akiitwa daktari.

Tasnifu ilisema jambo la kupendeza. Kila galaksi kubwa, kundi la mabilioni ya nyota, ina shimo jeusi katikati, na wawili hao hukua pamoja. Galaksi hulilisha shimo gesi. Shimo likila sana huipuliza nje gesi iliyobaki, nyota mpya zisizaliwe. Kwa hiyo, tangu ujana wa ulimwengu, hakuna aliyemwacha mwenzake nyuma.

Asubuhi hiyo, akipitia picha za galaksi zake mara ya mwisho, mtahiniwa aliona kasoro. Shimo halionekani, lakini gesi inayolizunguka kabla ya kumezwa yaweza kung'aa kuliko nyota zote za galaksi yake. Mng'ao huo huondolewa kwanza, ndipo nyota hupimwa. Programu ya kompyuta ilikuwa imeondoa sehemu tu, na uliobaki ukahesabiwa kama nyota. Galaksi zake nono zilikuwa zimevaa nguo za kuazima! Alipozivua zikabaki kimbaumbau, na mashimo yao yalikuwa yameshanenepa zamani, hayakumngoja mtu.

Programu yenyewe aliiandika msimamizi wake, na ndiyo iliyompa mzee huyo jina. Wahenga walisema mkono usioweza kuukata, ubusu, naye mwanafunzi alikuwa ameubusu miaka yote ya masomo. Alikuja ukumbini bila kumwambia mtu.

Mtahini wa nje aliinua kalamu. "Uwiano huu wa mashimo na galaksi umenyooka mno. Una uhakika nao?"

Neno moja tu, ndiyo, na mambo yangekwisha. Aliogopa hata kumtazama mama yake.

"Sina," alisema. "Mng'ao wa gesi haukuondolewa wote. Ukiondolewa, mashimo yanatangulia kukua. Hitimisho langu halisimami."

Msimamizi, aliyekaa kando ya watahini, alivua miwani. "Umeliona lini hili?"

"Leo asubuhi, Mwalimu. Nisamehe, nilishindwa kukupigia."

"Ni galaksi zako tu?"

Swali hilo alilihofia kuliko kufeli kwenyewe.

"Na zako, Mwalimu. Zote."

Mzee aliinamia meza. Watahini nao wakanyamaza, hakuna aliyegusa kikombe. Kule nyuma mama, akidhani kimya kile ndicho mwisho wa mtihani, akasimama na kuanza kupiga makofi.