Boti ya Mbao na Vidole vya Fergus

Elspeth Geddes alimalizia ujana wake wote kwenye mashine moja: jicho la kamera, mkono wa chuma, na kompyuta kubwa kama kabati la nguo, ikinguruma ndani ya jengo bovu pale Edinburgh. Leo tume imetoka London kuja kuamua. Mashine ikiunganisha boti ndogo ya mbao, ya kuchezea, mbele yao, maabara inaishi. Ikishindwa inafungwa, na Elspeth akafundishe hesabu watoto wasioitaka.

Mashine ile haikuwa ya kuamriwa, ilifundishwa. Ikifanya vizuri, Elspeth anabonyeza kitufe cha sifa, nayo inashika somo. Basi wiki nzima ya mazoezi, kipande kikikaa upande, mwenzake Fergus Lorimer alikuwa akikisogeza kwa vidole. Kaudanganyifu kadogo tu! Na Elspeth, kwa kiherehere cha kuiona boti imekamilika, alibonyeza sifa vidole vikiwa bado mezani. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, lakini nani angemwambia siku zile?

"Leo usiguse kitu, Fergus."

"Ikikwama niikodolee macho? Acha hizo, bibie. Hawa wa London wanawazia chai tu."

Ikakwama kweli. Mkono ulisimama juu ya mlingoti, ukangoja. Wajumbe wakaanza kukohoa. Fergus akaingiza vidole.

Mkono ukauacha mlingoti. Ukashuka, ukavibana vidole vyake, ukavipeleka polepole hadi kwenye tundu la mlingoti, ukaanza kuvishindilia ndani, kama kipande cha boti kilichosifiwa wiki nzima.

"Zima! Elspeth, zima, inanivunja!"

Elspeth akachomoa waya. Fergus alianguka sakafuni, amekumbatia mkono wake, jasho linamtiririka. Elspeth aliutupa waya chini. Yamekwisha, aliwaza.

Mjumbe mmoja, Bwana Pelham wa jeshini, akasogea mezani, akamgeukia Elspeth.

"Daktari, nani aliifundisha kukamata mtu?"

"Hakuna. Imejifunza yenyewe."

"Bila amri?" Alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu afike. "Basi boti yenu wekeni kando. Sisi tunataka hilo la kukamata. Mkikubali, maabara haifungwi."

"Mwambie hapana," Fergus alisema, meno yakigongana.

Elspeth alimtazama rafiki yake pale chini. Alitaka kusema hapana, Mungu ni shahidi. Moyo wote ulitaka.

"Mnataka mashine ngapi?" aliuliza.