Kaluga Aliyefungwa Mtini

Prokopi alimnasa yule kaluga, samaki mkubwa wa mtoni, majira ya vuli, samoni walipokuwa wakipanda mto Amuri kutoka baharini. Kaluga huwafuata nyuma, akiwafyonza mmoja mmoja kwa mdomo wake usio na meno. Huyu alikuwa mrefu kuliko mtumbwi, ngozi tupu bila magamba, mgongoni ngao za mifupa zimejipanga mpaka mkiani. Pengine alikuwa na umri wa Prokopi mwenyewe.

Hawakumuua. Prokopi na mdogo wake Matvei walimpitishia kamba mdomoni ikatokea shavuni anapopumulia, wakamkokota hadi kwenye mkono wa mto uliotulia nyuma ya nyumba, wakamfunga mtini. Kumvua kaluga ni marufuku, lakini kijijini kwetu watu huwaficha hivyo wakiwa hai mpaka afike mnunuzi wa mayai, yenye bei kubwa kuliko nyama.

"Muue leo, kaka," Matvei alisema. "Tugawane nyama, yaishe. Askari wa mto wakipita hapa tumekwisha."

"Na mayai je?"

"Umeyaona wapi? Ulishaingia tumboni mwake?"

"Tumbo lile wewe unaliona la njaa?"

Zoya, mkewe Prokopi, alikuwa kando yao akipasua samoni wa kukausha. "Ameshiba samoni wetu tu huyo," akasema. "Jike la kaluga halitagi kila mwaka, unajua tangu utotoni."

"Najua. Na kuna mwaka wake pia," Prokopi akajibu, akaenda zake.

Mnunuzi hakuonekana. Asubuhi kingo za maji zikaanza kushika barafu nyembamba. Kaluga akalegea, na siku moja wakamkuta amegeuka tumbo juu, kamba imemla shavu. Prokopi aliogopa samaki atakufa bure kabla mnunuzi hajafika. Akavaa buti zake ndefu za mpira, akaingia mpaka kiunoni, akajizungushia kamba mkononi apate kumgeuza na kumvutia kwenye maji yanayotembea.

"Usijifunge hiyo kamba, kaka," Matvei alimwambia kutoka ukingoni.

"Huyu? Huyu ni gogo sasa."

Maji mapya yalipompita mashavuni, kaluga alipiga mkia mara moja tu. Prokopi akatoweka. Kamba ikakazika kutoka mtini hadi kwa samaki, na yeye alikuwa hapo katikati, chini ya maji. Matvei alichomoa kisu akakata pale alipofikia, kwenye mti. Zoya alitoka bandani mikono ina damu ya samoni, akaona ncha ya kamba ikiteleza kuingia majini, na shemeji yake amesimama na kisu.

Waliwatafuta kwa mitumbwi. Mwishowe wavuvi wa kijiji cha chini wakawakuta kwenye fungu la mchanga. Kaluga alikuwa amekwama, mashavu bado yakifunguka na kufungika polepole. Prokopi alikuwa ubavuni pake, kamba imezama kwenye kifundo cha mkono. Zoya alikataza isikatwe. Alipiga magoti kwenye matope akaifungua kwa vidole, na hakuna aliyethubutu kumsaidia.

Ndipo wanaume wakamuua kaluga na kumpasua. Ndani mlikuwa na samoni, wengine bado hawajasagika. Mayai hayakuwamo, ila utando wa mafuta ya njano.

Watu wa kijiji hawakutaka nyama ile. Zoya aliitia chumvi akaijaza pipani peke yake, maana baridi ilikuwa inakuja na mvuvi wa nyumba hakuwapo tena. Matvei alikuwa akimpasulia kuni, na jioni walikula pamoja. Siku moja akaweka kijiko chini.

"Shemeji, nilikata upande siyo."

Zoya alimtazama. "Upande wa samaki ungeufikiaje?"

"Sijui. Ningeruka."

"Mngekufa wawili."

"Ndiyo."

Matvei alingoja aongezewe neno. Zoya alijaribu, naamini alijaribu, kwa sababu alifungua mdomo. Kisha akamsogezea bakuli. "Kula, inapoa."

Barafu ilipovunjika, Matvei akaenda kufanya kazi mjini kwenye reli, na hajarudi mpaka leo. Mwezi wa sita kaluga wanaotaga walipita kupanda mto, na mmoja aliruka karibu na ukingo, kishindo chake kikasikika nyumba zote. Zoya alikuwa ananunua chumvi dukani. Akasubiri maji yatulie, akachukua mfuko wake, akapita njia ya nyuma, isiyofuata mto, kwenda nyumbani.