Tumbo la Kiti

Shemeji yangu, mume wa dada, hununua vitu kwa kidole gumba. Anaona picha kwenye simu, anabonyeza, kisha anaanza kujisifu. Mwaka jana ilikuwa sanamu ya kale iliyofika na bei ya duka imebandikwa kitakoni. Mwezi huu kimekuja kiti.

"Miaka mia, shemeji. Kilikuwa cha jaji," alisema akikishusha mlangoni mwa karakana yetu. "Ndani nywele za farasi. Wewe kibadilishie kitambaa tu."

"Ulikiona lakini?"

"Si nimekwambia nimeona picha? Tena muuzaji mwenyewe alinipigia mara tatu kwa siku mpaka nikakubali."

Kibaya chajitembeza, nikajisemea. Baba alikuwa kwenye kigoda chake karibu na dirisha, akacheka. Macho yake yamefifia na mikono inatetemeka, kwa hiyo makochi nashona mimi, lakini kibao cha mlangoni kina jina lake bado. Yeye ndiye aliyenifundisha kushika mkasi. Kitambaa ni shati tu, alikuwa akisema, mteja ananunua tumbo la kiti. Na kila kiti alichokishona alikitia alama pale macho ya mteja yasipofika: uzi mwekundu wenye mafundo matatu, chini ya springi ya katikati. Mwongo hatii alama, alisema, na mimi nikayakariri maneno hayo kwa wateja miaka ishirini.

Nikaivua nailoni iliyokifunika kiti. Marashi yakanipiga puani, mengi, kama yale yanayopulizwa chooni wageni wakibisha hodi. Mbao ziling'aa upande wa mbele, upande uliopigwa picha. Nyuma zilikuwa zimeliwa na mchwa hadi unga unamwagika.

Nikachana kitambaa. Chini yake kulikuwa na kingine chenye doa la njano, na chini ya hicho gunia. Nilipochana gunia, marashi yakashindwa.

Nywele zilikuwemo, lakini za watu. Mafungu mafungu, nyeusi na za mvi, zimegandana kwa mafuta ya kichwa na jasho, na ndani yake vipande vya wembe na pamba zenye damu iliyokauka. Panya walikuwa wamezalia katikati, wakaacha vitoto viwili vilivyokauka na kuwa kama ngozi ya kiatu. Mkono wangu ulikuwa umezama mpaka kifundo. Nilipoutoa, nywele zikaja nao zimenisokota vidole. Nikatoka nje nikatapika.

Niliporudi, shemeji alikuwa ameziba pua kwa tai. "Funga tu, weka kitambaa kizuri," akasema. "Nani atakiona cha ndani?"

"Utakikalia?"

"Nikikalie cha nini? Hiki cha sebuleni, cha kuangaliwa."

Nilimwona yeye ananuka kuliko kiti. Nikamgeukia Baba. "Mshenzi gani huyu anayemkalisha mtu juu ya taka za kinyozi, halafu anachukua hela akalishe wanawe?"

Siku nyingine, kwa fundi mbovu, Baba hutukana kabla yangu. Safari hii aliinama akaanza kuikunja nailoni niliyoivua.

"Nitamtafuta," nikasema. "Lazima kaacha alama."

"Funga, mwanangu."

"Nataka nimjue, Baba."

"Mwenye kiti kasema funga. Funga."

Nikavaa mfuko wa plastiki mkononi, nikapekua hadi springi ya katikati. Uzi ulikuwa umepauka, lakini ulikuwa mwekundu. Nikahesabu mafundo. Matatu.

Ndipo nikakumbuka gunia ambalo kinyozi wa jirani alikuwa akimpa Baba kila Jumamosi. Baba alituambia anakwenda kulifukia, na mama akimsifu kwa usafi. Nyani haoni kundule. Nilimcheka shemeji kwa kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na mimi nilikuwa nimenunua maneno ya Baba bila kuchungulia ndani.

"Ni hiki kimoja tu?" nikamwuliza.

Aligeuzia uso dirishani. "Sponji ilikuwa adimu," akasema. "Na mlikuwa mnataka kula."

"Nimeuliza ni vingapi."

Shemeji akauliza tunaongea nini, hakuna aliyemwambia. Nilikibeba kiti hadi jalalani, yeye nyuma yangu akilalamika kwamba ni cha jaji. Kisha nikanawa mara nne, na bado nilihisi nywele katikati ya vidole.

Nyumbani nilikuta wanangu wamelala kifudifudi kwenye kochi wakiandika kazi za shule. Baba ndiye aliyelishona, zawadi ya harusi yangu. Alilipigapiga kwa kiganja siku ile mbele ya wakwe, akasema tumbo hili ni safi, mwanangu. Niliwainua watoto, nikachomeka ncha ya mkasi kwenye mshono. Kisha nikauchomoa.

Sijalichana mpaka leo. Wanangu wanashangaa tu kwa nini mama yao, fundi wa makochi, siku hizi anakula amekaa sakafuni.